Barua ya wazi kwa uongozi wa Ndaki ya Uhandisi: mafundi wetu nao wana majina

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
Rasi wa Ndaki ya Uhandisi,
Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Chuo.

YAH: USHIRIKIANO WA NDAKI YA UHANDISI NA KARAKANA ZA MIKOANI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhandisi mitambo, mhitimu wa ndaki yenu, na nina karakana ya kutengeneza na kukarabati mashine za kukamua alizeti mkoani Singida. Rasi, wewe ndiye uliyenifundisha somo la uimara wa vyuma nikiwa mwaka wa pili, kwa hiyo kabla ya yote: shikamoo, Mwalimu.

Ninayoyaandika hapa nimeshayaandika kwa heshima hii hii katika barua nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri masjala. Ya pili na ya tatu nilituma kwa baruapepe. Ya nne ndiyo pekee iliyojibiwa, kwa mstari mmoja: suala lako linafanyiwa kazi. Tangu siku hiyo msimu mzima wa alizeti umepita na mwingine unakaribia. Ndiyo maana leo naandika hadharani, wasome na wenzangu wenye karakana, wazazi wanaosomesha, na wanafunzi wenyewe.

Niruhusuni nianze na chuma, maana hoja zangu zote zinatokea hapo.

Mashine ya kukamua alizeti ina shafti nene yenye skrubu, inayozunguka ndani ya kizimba cha vyuma vilivyopangwa kwa kuachiana mianya myembamba. Mbegu huingia upande mmoja, skrubu ikazisukuma kwenye nafasi inayozidi kuwa finyu, mafuta yakachuruzika mianyani, mashudu yakatokea mwisho. Uhai wa mashine ni ile skrubu. Ganda la alizeti hukwangua chuma, na mchanga hukwangua zaidi, maana wakulima wetu wengi huanika mavuno chini. Skrubu ikilika milimita chache tu, mgandamizo hupungua na mafuta hubaki ndani ya mashudu. Mama aliyeleta magunia yake kumi anaondoka na madumu pungufu, anamtazama mwenye mashine kwa jicho la kumshuku wizi, na mwenye mashine anakuja kunilaumu mimi. Mwizi ni chuma laini.

Skrubu ikilika, sisi tunaijaza upya kwa kuchomelea, tunaikereza, tunairudisha kazini. Ukitumia rodi laini, baada ya wiki chache imerudi mezani kwako. Ukitumia rodi ngumu kupita kiasi, inapasuka, kipande kinaingia kwenye kizimba na hasara inakuwa mara mbili. Na chuma chenyewe cha kuanzia ni ekseli ya lori lililochakaa, ambayo hatujui iliyeyushwa na nini ndani yake. Katikati ya rodi laini na rodi ngumu kuna mahali sahihi. Kupapata kunahitaji mashine ya kupimia ugumu wa chuma, tanuri yenye kipimajoto cha kuaminika, na mtu aliyesoma wa kukaa na majibu akayafikiria. Karakana yangu haina hata kimoja. Ndaki yenu inavyo vyote vitatu.

Sasa malalamiko yangu.

1. Fildi imegeuzwa kuwa saini

Nimepokea wanafunzi wenu wa mafunzo kwa vitendo kwa miaka tisa. Wanakuja kati ya Julai na Septemba, na kwa bahati njema huo ndio moyo wa msimu wetu: alizeti imevunwa Mei na Juni, mashine zinakamua mchana na usiku, na kila siku kuna kitu kimevunjika. Mwanafunzi wa uhandisi hawezi kupata darasa bora kuliko hilo.

Mwaka juzi alikuja binti wa mwaka wa tatu. Alisoma kalipa, kifaa cha kupimia unene, haraka na kwa usahihi kuliko mtu yeyote karakanani, mimi nikiwemo. Lakini nilipomweka mbele ya mashine ya kukereza alirudi nyuma hatua moja. Nikamuuliza, hamkufanya chuoni? Akasema walikuwa zaidi ya ishirini wamezunguka mashine moja, fundi wa chuo akakereza, wao wakatazama na kuandika. Kwa hiyo siku ya kwanza tulimfundisha kufunga chuma na kukiweka katikati. Wiki ya tatu alikuwa anakata uzi wa nati. Wiki ya sita alikereza skrubu nzima peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika kwa chaki ubavuni tarehe na herufi za jina lake. Skrubu hiyo ilifungwa kwenye mashine moja huko Iramba na ilimaliza msimu.

Mhadhiri msimamizi alifika wiki ya saba, saa nane mchana. Dereva hakuzima gari. Aliniomba saini na muhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu za kazi, akamuuliza binti maswali mawili, akasema ana vituo vingine vinne kabla ya giza, akaondoka. Hakukaa hata hadi saa nane na nusu. Nilikuwa nimemwandalia mezani skrubu mbili zilizopasuka, zikiwa zimekatwa katikati ili aone ufa ulikoanzia, kwa sababu tulihitaji sana jicho la mtaalamu. Hakuwa na muda wa kuzitazama. Simlaumu yeye, nilimwona jinsi alivyochoka. Nawalaumu waliompangia vituo vitano siku moja.

Fomu ninayopewa kujaza inauliza kama mwanafunzi anawahi kazini, kama anavaa nadhifu, kama ana ushirikiano mzuri na wenzake. Haina mahali panapouliza ametengeneza nini kwa mikono yake. Na ripoti anayoandika mwanafunzi baada ya wiki nane za kukaa kwangu sijawahi kurudishiwa hata nakala moja, miaka yote tisa.

Nchi hii haijaanza leo kujua thamani ya mafunzo haya. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, mafunzo viwandani ni sehemu ya shahada, hayafanywi kwa hiari. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo ilianzisha mpango wa SEAP mwaka 2003, mhitimu afanye kazi chini ya mhandisi mzoefu miaka mitatu kabla ya kusajiliwa. Kote huko wamekubali kwamba mhandisi hukamilika kazini. Nyinyi mnatuletea vijana, kisha hamji kuangalia kama wanakamilika.

2. Maabara imefungwa kwa anayeihitaji

Niliomba vipande kumi na viwili vya chuma vipimwe ugumu. Vipande kumi na viwili tu, na nilisema nitalipa. Niliambiwa niandike barua. Niliandika. Nikaambiwa bei haijapangwa, kwa hiyo haiwezekani kunitolea ankara. Nikaomba bei ipangwe. Nikaambiwa hilo ni la kikao.

Nilisafiri mwenyewe hadi chuoni nikiwa na vipande vyangu kwenye mfuko wa saruji. Mashine ya kupimia ipo, nimeiona. Imefunikwa kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa kuna bahasha za mitihani ya zamani. Fundi sanifu wa maabara aliyekuwa akiijua amestaafu na nafasi yake haijajazwa. Kijana aliyenifungulia mlango alikuwa mwema sana, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata wao wanafunzi wameisoma kwenye slaidi.

Nilirudi Singida na mfuko wangu. Tukaendelea kupima kama tunavyopima siku zote: kwa tupa. Fundi anapitisha tupa kwenye chuma, ikikamata ni laini, ikiteleza ni kigumu. Tupa ni mwalimu mzuri, lakini haikupi namba, na bila namba huwezi kumwambia fundi wa Kiomboi au wa Manyoni afanye ulichofanya wewe.

3. Mashine ya maonyesho

Kuna mashine ya kukamua alizeti iliyobuniwa ndani ya ndaki yenu. Nimeiona viwanja vya Nzuguni, Dodoma, kwenye Nane Nane mara tatu, miaka mitatu tofauti. Ni mashine ileile. Kila mara imepakwa rangi upya. Mara ya tatu niliinama nikachungulia ndani ya kizimba: safi, hakijawahi kuona tone la mafuta. Skrubu bado ina alama za kisu cha kukerezea.

Vijana waliosimama kando yake walieleza vizuri sana. Nilipouliza inakamua kilo ngapi kwa saa, walinitajia namba iliyoandikwa kwenye bango. Nilipouliza ilipimwa kwa mbegu za wapi, walitazamana.

Nilimwomba aliyekuwa akisimamia banda anikopeshe mashine hiyo msimu mmoja. Ningeifunga kijijini, ningeikamulia alizeti ya kweli yenye mchanga wa kweli, na mwezi wa kumi ningewarudishia na daftari la kila kilichovunjika na saa kilipovunjika. Mbunifu yeyote anapaswa kutamani daftari la namna hiyo. Nilijibiwa kwamba mashine ni mali ya mradi na mradi umefungwa.

Waheshimiwa, mashine iliyobuniwa kwa fedha za umma, na kubuniwa vizuri kwa kadiri nilivyoiona, imekaa ghalani kwa sababu mradi umefungwa. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja hadi hapa.

4. Utafiti uliotoka mikononi mwa Mzee

Hili nimelifikiria sana kabla ya kuliandika.

Karakanani kwangu yupo fundi ninayemwita Mzee, na kila mtu anamwita hivyo. Ameishia darasa la saba. Amekuwa akijaza skrubu kwa kuchomelea tangu nikiwa shule ya msingi. Kwa miaka mingi, kwa kuharibu na kurudia, alipata namna yake: anaanza na tabaka la rodi laini kama godoro, anapasha shafti moto juu ya mkaa hadi mate yakidondoka yanaruka, ndipo anaweka rodi ngumu juu, tena kwa kuruka nafasi na kurudi ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Akimaliza anaifukia shafti kwenye majivu hadi asubuhi. Skrubu za Mzee hupasuka mara chache mno.

Mwanafunzi wenu mmoja alikaa naye wiki nane, akachora kila hatua, akapima upana wa kila tabaka, akapiga picha. Mzee hakumficha kitu. Alimpa kama anavyompa mwanawe.

Mwaka uliofuata mtu alinitumia kwa simu muhtasari wa makala iliyowasilishwa kwenye mkutano wa kitaaluma. Mchoro uliomo ni wa meza yetu. Hata jiriwa letu lenye taya lililovunjika linaonekana kwenye picha. Hatua ni zile zile, majivu yamo. Majina ni ya wahadhiri wawili. Jina la mwanafunzi halimo. La karakana halimo. La Mzee halimo, hata kwenye shukrani.

Nilimsomea Mzee kwa Kiswahili, maana makala iko kwa Kiingereza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja: "Wamesema kwa nini inapasuka?" Hicho ndicho alichotaka kukijua miaka yote. Nilitafuta kwenye muhtasari, sikuona jibu. Niliomba makala kamili ili nimtafutie. Nasubiri hadi leo.

Hadharani sitataja jina la mtu, na sitafuti mtu afukuzwe. Lakini mnajua kwamba anayekwenda BRELA, wakala wa usajili, kuomba hataza huulizwa mbunifu ni nani. Swali hilo hilo nawauliza nyinyi. Utafiti uliofanyika ndani ya karakana ya mtu, kwa ujuzi wa mtu, unatoka vipi bila mtu huyo kuulizwa?

5. Makubaliano yaliyobaki kwenye faili

Mwaka 2019 nilisaini makubaliano ya ushirikiano na ndaki. Kulikuwa na picha, keki na fulana. Kurasa sita, na kwenye ukurasa wa tatu mliahidi mambo manne: kubadilishana wataalamu, matumizi ya pamoja ya maabara, miradi ya mwaka wa mwisho itokane na matatizo ya karakana, na kikao cha tathmini kila mwaka. Kikao hakijawahi kuitishwa. Mengine nimeshayaeleza hapo juu. Muda wa makubaliano uliisha, na hakuna aliyeniandikia kwamba umeisha.

Haya ndiyo malalamiko. Najua majibu yanayoweza kutolewa, kwa kuwa mengi nimeshaambiwa kwa mdomo, koridoni na simuni.

Mtasema fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, na sidharau ugumu wa kuendesha ndaki. Lakini kufunua mashine iliyofunikwa kitambaa hakuhitaji mkopo. Kupanga bei ya kipimo ni kazi ya asubuhi moja. Na fedha kubwa zimeingia katika elimu ya juu: mradi wa HEET peke yake ni mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na moja ya shabaha zake ni kufungamanisha vyuo na soko la ajira na viwanda. Mkopo huo tutaulipa sote. Mimi pia kila mwezi nalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayokokotolewa kwa mishahara ya wafanyakazi wangu, na naamini ujuzi unaokusudiwa ni pamoja na huu.

Mtasema wanafunzi ni wengi na wasimamizi ni wachache. Basi wagaweni kwa kanda. Msimamizi mmoja akae Singida siku nne, alale hapa, atembelee vituo kumi bila kukimbizana na jua. Nyumba ya wageni ya kawaida hapa mjini haiwezi kuzidi gharama ya dizeli ya gari linalozunguka mikoa mitatu kwa siku mbili.

Mtasema mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, mashine inayofanya kazi kijijini haimwongezei kitu. Hili nalikubali kuwa ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na liko juu ya uwezo wa mhadhiri mmoja mmoja. Ndiyo maana nimewaandikia wajumbe wa Baraza. Vigezo vya kupandisha vyeo vinapita mezani kwenu.

Na kuna jibu la mwisho ambalo niliambiwa na ofisa wenu mmoja kwa upole kabisa, bila nia mbaya: kwamba ndaki sasa inatafuta "washirika wenye hadhi", na karakana ya mikoani si kiwanda.

Naomba nilijibu hili kwa kituo. Nafurahi kama Mtanzania yeyote kuona bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, likipita mkoani kwetu, na reli ya SGR ikikatiza Manyoni. Wapelekeni vijana wakaone. Na mimi ningeenda. Lakini wakandarasi wakubwa huja na wahandisi wao, michoro yao na vipuri vyao, na siku ya ziara mwanafunzi huvaa kofia ngumu, hupiga picha, hupanda basi. Karakana zitakuwepo wakandarasi watakapoondoka. Gereji za Dodoma, wachomeleaji wa Mwanza, wakereza wa Gerezani ndio wanaoshikilia mashine za nchi hii zisizimike, na wengi wao hawajawahi kuona mhadhiri akiingia mlangoni.

Tena historia ya alizeti yenyewe inawapinga wanaodharau karakana. Katikati ya miaka ya 1980, mkoani Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamua alizeti, yenye pistoni na mpini mrefu. Uzito wa ubunifu ule ulikuwa kwamba ingeweza kutengenezwa na karakana ndogo kwa vyuma vinavyopatikana, na kuendeshwa na watu wawili kijijini pasipo umeme. Ilienea kutoka hapa hadi nchi nyingine za Afrika. Arusha hiyo hiyo ndiko serikali ilikoziweka taasisi za kubuni mitambo na zana, TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilikuwa tayari imeanzishwa tangu 1973. Waliotutangulia walijua mashine ya mkulima huzaliwa kati ya meza ya mchoraji na meza ya mchomeleaji. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo ndani ya kuta zenu.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Maabara ya vyuma ifunguliwe kwa watu wa nje angalau siku moja kwa wiki, bei zibandikwe mlangoni, na majibu yatolewe ndani ya siku kumi na nne. Nafasi ya fundi sanifu ijazwe. Ikiwa haijapata kibali cha ajira, muulizeni yule aliyestaafu kama anaweza kuja kwa mkataba awafundishe vijana wawili. Naambiwa anaishi jirani na chuo.

Fomu ya tathmini ya fildi iandikwe upya pamoja na wenyeji wa wanafunzi, iwe na mahali pa kueleza mwanafunzi ametengeneza au amekarabati nini. Kila mwenyeji arudishiwe nakala ya ripoti, pamoja na kurasa mbili za Kiswahili. Kurasa mbili tu. Mafundi waliomfundisha yule mwanafunzi wana haki ya kusoma alichoandika juu yao na kumsahihisha alipokosea.

Kila mwaka, kabla wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawajachagua miradi, ndaki ikusanye matatizo kutoka karakanani na viwandani, na angalau sehemu ya miradi itokane na orodha hiyo. Mimi peke yangu nina matatizo saba tayari yameandikwa. Na ile mashine ya Nane Nane itoke ghalani ije kufanya kazi. Ombi langu la kuikopa msimu mmoja bado lipo, kwa gharama yangu ya usafiri.

Kuhusu makala: naomba ndaki ichunguze, iwasiliane na waandishi, na ikithibitika kama nilivyoeleza, marekebisho yafanywe ili Mzee na yule mwanafunzi watajwe. Kisha uwepo utaratibu wa maandishi, utakaosainiwa kabla ya mwanafunzi au mtafiti kuingia karakanani, unaosema ujuzi ni wa nani na utatajwa vipi. Mzee mwenyewe hataki fedha. Amesema wazi anataka jibu la swali lake, na mimi ndiye ninayetaka jina lake liandikwe.

Mwisho, kikao. Makubaliano yaliyokufa yajadiliwe mbele ya wote tuliosaini, tuambiane lipi lilifanyika na lipi halikufanyika, kisha tuamue kama tunasaini mengine. Mkikosa ukumbi, njooni karakanani. Viti tutaazima kanisani.

Naomba majibu kabla ya mwisho wa mwezi Aprili. Nimeitaja Aprili kwa sababu Mei alizeti inaanza kuingia, na nikishawasha mashine sitapata tena nafasi ya kusafiri hadi Oktoba. Jina langu na namba yangu ya usajili viko kwenye barua nne mlizonazo masjala. Vipande kumi na viwili bado viko kwenye mfuko uleule wa saruji, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyeupe, na Mzee ameniagiza niwaambie kwamba namba saba ndiyo inayomsumbua zaidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi mitambo na mwenye karakana,
Singida.

Nakala:
Bodi ya Usajili wa Wahandisi
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia
SIDO, Mkoa wa Singida
Ubao wa matangazo, karakanani